Mfalme wa Nubia Aliyetoka Warsaw

Mpwa wangu wa Majoreni, Kwale, ni Mdigo kwa baba na kwa mama, lakini siku tatu kwa wiki, ikishafika saa mbili usiku, huwa Mmasai. Alasiri hudandia matatu ya Ukunda, begi mgongoni. Ndani ya begi mna shuka jekundu, shanga, ndara za tairi na mkuki wa mti ambao ncha yake imepakwa rangi ya fedha. Mkuki hauenei begini, kwa hiyo ncha hutokeza nje ya zipu. Makanga wamekwisha mzoea, hawamuulizi tena.

Wageni wa hoteli wakimaliza kula, taa hupunguzwa na vijana huingia. Huanza na ngoma ya Kigiriama, hufuata sengenya ya Wadigo, dakika nne hivi, halafu kilele: kuruka. Hapo ndipo simu zote hunyanyuliwa juu. Nilimuuliza siku moja, "Leo umekuwa Mmasai wa ukoo gani?"

"Wa zamu ya jioni, mjomba."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini kazi yake ina nasaba ndefu, ndefu kuliko anavyodhani yeye, na tawi moja la nasaba hiyo linaanzia kwenye baridi na theluji.

Baleti ya Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na wachezaji wa aina mbili. Kuna wale tuliowazoea kwenye picha, wamesimama kwa ncha za vidole kama korongo. Na kuna wale waliovaa buti. Kazi ya hawa wa buti ilikuwa kucheza mataifa: leo Mhispania, kesho Mhungari, keshokutwa Mturuki. Hawakuelea hewani, bali walikanyaga sakafu mpaka ikaitika. Waliokuwa mabingwa waliheshimiwa sana, na katika majumba ya maonesho ya Tsar wa Urusi bingwa wao alikuwa Mpolandi mmoja aliyeitwa Felix Krzesiński. Warusi waliliandika jina lake Kschessinsky.

Alizaliwa Warsaw mwanzoni mwa miaka ya 1820, akafundwa kucheza huko huko, na mwishoni mwa miaka ya 1830 alikuwa amekwisha panda jukwaani. Poland ya wakati ule ilikuwa taifa lisilo na dola. Majirani watatu, Urusi, Prussia na Austria, walikuwa wameigawana mwishoni mwa karne ya 18 mpaka ikafutika kwenye ramani, na Warsaw ikaja kuangukia mikononi mwa Tsar. Novemba 1830 Wapolandi walishika silaha. Mwaka uliofuata Tsar Nicholas wa Kwanza aliwavunja nguvu, akafuta katiba yao, akafunga chuo kikuu chao, kisha akajenga ngome pale pale mjini ili mizinga iwe inatazama nyumba za watu. Mtu wa Mombasa akisimamishwa mbele ya ngome ile hahitaji mkalimani.

Na Tsar huyo huyo alikuwa akiipenda mazurka.

Mazurka ni ngoma ya Wapolandi ya hesabu tatu, ila uzito wake hauangukii pale sikio linapoutazamia. Hesabu ya kwanza hupita hivi hivi. Kishindo huja kwenye ya pili au ya tatu. Mwanamume huingia kifua mbele, visigino vinagongana, bibi ameshikwa mkono mmoja tu kama mtu anayeongozwa kuvuka kijito. Ni ngoma ya kujidai, ya watu wenye farasi na mashamba. Warusi walikuwa wameshaionja jukwaani mwaka 1836, Mikhail Glinka alipotoa opera yake juu ya mkulima aliyemwokoa Tsar. Wapolandi wa opera hiyo ni maadui, na wanaingia wakicheza mazurka. Adui mbaya, ngoma yake tamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850 wachezaji wa Warsaw waliitwa Saint Petersburg kuja kuicheza, na Felix alikuwamo. Alikwenda akakaa maisha. Mji ulishikwa na wazimu wa mazurka, na watoto wa makabaila wakawa wanakwenda kwake kufundishwa. Hebu mfikirie luteni wa kikosi cha ulinzi wa Tsar, ambaye pengine baba yake alikuwamo katika jeshi lililoingia Warsaw mwaka 1831, anatoa fedha mfukoni ili Mpolandi amwoneshe namna ya kugonga visigino Kipolandi. Kama yupo aliyeona ajabu, hakupaza sauti.

Januari 1862 Marius Petipa, Mfaransa aliyekuja kuitawala baleti ya Urusi kwa miongo mingi, alitoa baleti kubwa juu ya binti wa Farao. Mwingereza anayezuru Misri anavuta kasumba ndani ya piramidi, anaota kwamba yeye ni Mmisri wa kale. Binti Farao anampenda, lakini ameposwa na mfalme wa Nubia. Ili kumkimbia mposaji, binti anajitosa ndani ya Nile, na huko chini ya maji mito ya dunia inakuja kumchezea, Kongo ukiwa mmojawapo. Mfalme wa Nubia, huyo anayekimbiwa, alikuwa Felix wetu. Waafrika wa hadithi ile walichezwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Afrika hata kwa mbali. Mtu wa Warsaw alikuwa ametoka kuonesha utaifa wake kwa aliyeuteka, sasa akakabidhiwa na utaifa wa kwetu auoneshe.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 1863, Warsaw iliamka tena na ikapigwa tena, vibaya kuliko mara ya kwanza. Watu walinyongwa, maelfu wakapelekwa Siberia, na lugha ya Kipolandi ikaanza kufukuzwa mashuleni. Ilikaribia kuwa hivi: Kipolandi kisisemwe darasani, ila kichezwe kwenye dansi. Felix aliendelea na kazi. Simhukumu. Mkewe Julia alikuwa mjane wa mchezaji mwenzake, amekuja na watoto watano, na wao wawili wakazaa wengine. Midomo yote ile ilikula kwa mshahara wa jumba la Tsar. (Zilipita karibu miaka 80, Wapolandi wengine waliofukuzwa makwao na Stalin wakaja kupewa hifadhi huku kwetu. Kambi ya Tengeru karibu na Arusha ilikuwa na maelfu yao, na makaburi yao yapo pale hadi leo. Watu wale wamezoea kuhamishwa.)

Mwaka 1864 Felix alikuwa Khan katika baleti ya farasi mdogo mwenye nundu, Khan mzee mwenye tamaa ambaye mwisho wake ni kujitumbukiza kwenye sufuria linalochemka akidhani atatoka kijana. Januari 1890, katika ukumbi wa Mariinsky, Petipa na Tchaikovsky walipotoa ile hadithi ya binti mfalme aliyelala miaka mia, Felix alikuwa mfalme Florestan, baba wa binti. Hapo alikuwa ameshapita miaka 65. Alianza kwa kucheza Upolandi, akaishia kucheza wafalme wa kila nchi isipokuwa yake, ambayo haikuwa na mfalme.

Mwaka huo huo bintiye Mathilde alimaliza shule ya baleti. Umaarufu wake ulimfunika baba kabisa: akawa kipenzi cha mrithi wa kiti, aliyekuja kuwa Tsar Nicholas wa Pili, akajenga jumba ambalo mwaka 1917 Lenin alisimama kwenye roshani yake akahutubia umati, akafia Paris mwaka 1971 akiwa na miaka 99. Wanaoandika habari za familia hii hukimbilia kwake, na roshani ile ina uzito wake. Mimi huvutwa zaidi na yale anayosimulia juu ya baba yake katika kumbukumbu zake: mzee aliyejua kupika, ambaye siku za sikukuu alishika jiko mwenyewe. Na siku moja, katika mazoezi, mlango wa chini ya jukwaa uliachwa wazi naye akatumbukia. Jukwaa alilolikanyaga kwa zaidi ya miaka 60 likammeza. Hakurudia hali yake. Alikufa mwaka 1905, akazikwa Warsaw. Mwaka huo huo wachezaji wa Tsar waligoma, na mwanawe Joseph, mchezaji naye, akapoteza kazi katika vurugu la mgomo. Mtoto alifanya ambacho baba hakukifanya.

Sasa tushuke pwani.

Siku zile Felix alipovaa taji la mfalme Florestan, Mombasa na Lamu zilikuwa zinabuni kitu ambacho Petersburg isingekielewa. Waingereza walikuwa wanaingia. Mwaka 1895 walitangaza himaya yao, na mwaka huo huo Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi akawaasi, akapigana nao katika misitu hii ya Kwale hadi alipovuka mpaka mwaka 1896 kujisalimisha kwa Wajerumani. Vita vilipokwisha, watu hawakuacha kuwatazama wageni. Waliwatazama kwa makini: namna askari anavyogeuka kwa amri, namna ofisa anavyoshika fimbo kwapani, namna bendi inavyotangulia na kikosi kikafuata. Freretown, kijiji cha wamisionari ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa walikowekwa watumwa walioachwa huru, kulikuwa na bendi ya tarumbeta. Sultani wa Unguja alikuwa nayo yake, wapigaji wakiwa Wagoa.

Pwani ilikuwa na mashindano yake tangu kale. Lamu ni Mkomani na Langoni, Mombasa ni Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Mtaa ukicheza, mtaa wa pili sharti ujibu, na jibu lizidi: mashairi makali zaidi, ng'ombe wengi zaidi, siku nyingi zaidi. Kwenye kinu hicho cha zamani ikatiwa punje mpya. Watu wakachukua bendi, wakaiita beni.

Mombasa kukawa na chama kilichoitwa Kingi, na kwa kuwa Kingi hawezi kukaa bila mpinzani, kukawa na Skochi. Skochi ni Waskoti. Waswahili wa Mombasa, watu wa kanzu na kofia za vito, waliwaona askari wa Kiskoti na zile sketi zao za mirabaraba, wakaenda kwa fundi. Fundi wa cherehani, mwenye kuzoea kukata kanzu na magwanda, siku hiyo ameletewa kazi ya kushona marinda ya mwanamume, nyuma yamebanana, mbele yamelala bapa. Ukitaka kuiona beni, ianzie kwa fundi yule na chaki yake. Haukuwa mzaha wa jioni moja. Rinda moja likikosewa, mtaa wa pili utalitungia wimbo.

Beni ilikuwa na ngoma kubwa, tarumbeta kwa waliozimudu, gwaride, na vyeo. Alikuwako mfalme, walikuwako majenerali na maofisa chini yao, na kwa wanawake malkia. Mtu aliyeshinda akibeba mizigo bandarini aliweza jioni kupigiwa saluti. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama vilivyoshindana kwa ukali ule ule, kwa sare na karamu, wengine wakabaki na madeni.

Wazungu wengi walioiona walicheka wakisema watu weusi wanawaiga. Ndipo ninapomkumbuka Felix, kwa sababu hali zao zimepinduana. Felix aliitwa na mtawala aje amchezee utaifa wa mtawaliwa, mtawala amekaa kwenye kiti cha mahameli. Hapa mtawaliwa ndiye aliyeuchukua utaifa wa mtawala, akaucheza barabarani kwake, kwa ajili ya watu wake, juu ya ugomvi wake mwenyewe wa mtaa na mtaa. Mskoti hakuulizwa. Kama alipita akasimama kutazama, basi alitazama akiwa amesimama. Terence Ranger, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, alikataa kuiita dhihaka tupu na alikataa kuiita uigaji mtupu. Namuunga mkono, ila ningeongeza kitu cha mtu wa pwani: mashindano hayahitaji sababu kubwa. Skochi waliwavalia Kingi sketi, hawakumvalia Mwingereza.

Kutoka hapa beni ilishuka kusini, ikavuka mpaka wa Wajerumani. Tanga na Dar es Salaam zikawa na vyama vya Marini na Arinoti. Marini ni askari wa manowari, na walijiona wastaarabu: makarani na watu wa nafasi. Arinoti ni Arnauti, jina la Kituruki la Waalbania, watu waliosifika kwa ukali vitani. Basi mchukuzi wa Tanga ambaye Albania hajui iko upande gani wa bahari alijiita Mwalbania, kama Mpolandi alivyojiita Mnubi.

Majoreni inaingia kwenye hadithi hii Septemba 1914. Majeshi ya Wajerumani yalipanda kutoka upande wa Tanga kando ya bahari, na hapa yakakutana na kikosi cha Waarabu na Waswahili waliokusanywa Mombasa na Mwingereza aitwaye Arthur Wavell. Kikosi kilipigana, kikarudi nyuma hadi Gasi. Wavell huyu alikuwa mchezaji wa aina yake. Mwaka 1908 alikwenda Makka akijifanya Mzanzibari, amevaa, amesema na ameswali kama Mzanzibari, akatoka salama na kuandika kitabu. Aliuawa Januari 1916 huko Mwele, Kwale hii hii. Watu wa Majoreni walishuhudia basi kitu adimu: Mwingereza aliyewahi kuwa Mswahili akiwaongoza Waswahili ambao huenda baadhi yao, jioni za amani, walikuwa Waskoti.

Vita vilipofika Jasin, hapo karibu na Vanga, Januari 1915, gwaride halikuwa mchezo tena. Lakini vita ndivyo vilivyoisambaza beni. Askari wa pande zote mbili waliijua, na wapagazi wa Kariakor waliisikia kambini. Wakarudi makwao nayo. Huko Nyasaland beni ikageuka mganda na malipenga, vijana wakivumisha vibuyu badala ya tarumbeta wasizokuwa na fedha za kununua. Ilifika hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wachimbaji walipogoma mwaka 1935 serikali ilianza kuwauliza watu juu ya vyama vya mbeni, kama beni ilivyoitwa huko. Kilichochekwa pwani sasa kilikuwa kinaogopwa. Watu wenye vyeo, wenye nidhamu, wanaoandikiana barua kutoka mji hadi mji, wakiitwa kwa ngoma wanakuja. Ni nani asingeogopa?

Huku kwetu iliishia kwa njia ya kawaida. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwakemea Waislamu kwa kufuata Wazungu kibubusa. Zikaja dansi za gitaa, zikaja timu za mpira, na ugomvi wa mitaa ukahamia uwanjani. Baada ya uhuru serikali yenyewe ikaajiri wachezaji: Bomas of Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hapo kijana wa bara hucheza sengenya ya Wadigo, na Mdigo akacheza ya bara, mshahara mwisho wa mwezi. Felix angeingia pale na buti zake akajiona yuko nyumbani.

Mwezi uliopita kulikuwa na arusi Majoreni. Ngoma ilikuwa sengenya kamili, si ya dakika nne: vumi, chapuo, upatu, na mpiga zumari aliyevimbisha mashavu mpaka macho yakapotea. Mpwa wangu aliingia uwanjani kwa kujiamini, maana yeye ndiye mchezaji wa kulipwa. Alicheza. Watu wakamwangalia. Bibi mmoja aliyekaa mkekani, mguu mmoja ameukunjua kwa ajili ya goti, akamwita kwa kidole.

"Mwanangu, mabega yako yako wapi?"

"Si haya, bibi."

"Hayo yanaruka. Sengenya hairukwi. Hebu njoo."

Alimshika mabega kwa mikono miwili, akayashusha, kama mtu anayekandamiza kifuniko cha sufuria. Mpwa wangu alivua ndara zake za tairi, ambazo siku hizi amezizoea hata nyumbani, akaziweka kando ya mkeka. Akarudi uwanjani peku, akasimama nyuma ya mzee mmoja, akawa anamtazama mgongo.